Maisha ya Ibn al-Baitar, Mkuu wa Wajuzi wa Mitishamba

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeotesha katika ardhi kila aina ya mti na jani, akatia katika baadhi yake manufaa na katika baadhi yake sumu, akawapa wanadamu akili ya kupambanua. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ajue msomaji ya kwamba katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, huko bara ya Lindi, msitu ungali ni duka la dawa kwa watu wengi. Mtu akishikwa na tumbo la kuhara hutafutiwa gome la mng'ongo likachemshwa. Mtoto akiwa na kidonda kilichotunga usaha huoshwa kwa maji ya majani yaliyopikwa. Mwenye homa hupewa ukwaju. Zahanati na hospitali zipo, walakini wako wengi ambao huanza kwa mti, na hospitali huifikia baadaye, pengine wakiwa wamekwisha chelewa. Na sehemu kubwa ya elimu hiyo haikuandikwa. Mzee aliichukua kwa babu yake, naye humwambia mjukuu wake ikiwa mjukuu anataka kusikia. Na kama hataki, mzee hufa nayo.

Katika miti hiyo imo yenye kuponya kweli, na imo isiyo na faida wala dhara, na imo yenye kudhuru ini na figo pasipo mtu kutambua. Basi kwa mizani gani mtu ataijua ya kweli na kuitenga na ya uongo? Swali hili si geni. Karibu miaka 800 iliyopita alikuwako Mwislamu mmoja aliyelifanya ndilo kazi ya umri wake wote, akalivukia nchi na bahari. Naye ni Ibn al-Baitar, na haya ndiyo maisha yake.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Dhiyauddin Abu Muhammad Abdallah bin Ahmad al-Malaqi. Al-Malaqi maana yake ni mtu wa Malaga, mji wa bandari katika Andalus, nchi ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Alizaliwa mwisho wa karne ya 6 ya Hijra, karibu na mwaka 1197 wa Miladi. Jina alilojulikana nalo duniani, Ibn al-Baitar, maana yake ni mwana wa tabibu wa wanyama. Si jina la kifalme wala la utajiri. Ni jina la watu wa kazi, waliokuwa wakiganga farasi na nyumbu. Na mtu wa pwani, aliyezoea kusikia watu wakiitwa kwa kazi za baba zao, hatalionea ajabu.

Zama zake zilikuwa zama za msiba kwa Waislamu wa Andalus. Mwaka 609 wa Hijra, yaani 1212, alipokuwa angali kijana, jeshi la Waislamu lilivunjwa katika vita vya al-Uqab, na tangu siku hiyo miji ilianza kutoka mikononi mwao mmoja baada ya mmoja. Cordoba ulitekwa mwaka 1236. Walakini katika nchi iliyokuwa ikipungua hivyo, elimu ilikuwa haijapungua. Vitabu vilikuwa tele, na walimu walikuwapo, na kijana mwenye hamu alipata pa kusoma.

MWALIMU WAKE

Ibn al-Baitar alikwenda kusoma katika mji wa Seville, ambao Waarabu waliuita Ishbilia. Miongoni mwa walimu wake aliyekuwa mkubwa ni Abu al-Abbas an-Nabati, aitwaye pia Ibn ar-Rumiyya. Bwana huyu alikuwa na elimu mbili zilizokusanyika katika kifua kimoja. Ya kwanza ni elimu ya hadithi za Mtume, na ya pili ni elimu ya mimea. Huenda mtu akaona ya kuwa elimu mbili hizi hazina ujamaa, kumbe zina ujamaa mkubwa sana.

Mwanachuoni wa hadithi hakubali habari kwa sababu ni nzuri, wala kwa sababu watu wengi huisema. Huuliza ni nani aliyeisimulia, naye aliipokea kwa nani, je, walikutana kweli, na je, alikuwa mkweli mwenye hifadhi nzuri au mtu wa kusahau na kuchanganya. Kiungo kimoja cha mnyororo kikikatika, habari yote hudhoofika. An-Nabati aliichukua desturi hiyo akaitia katika miti. Mtu akisema jani fulani huponya jicho, yampasa aseme ameliona wapi, limemponya nani, na jani hilo hasa ni lipi. Mwenyewe alisafiri mpaka nchi za mashariki akiangalia mimea kwa macho yake, akaandika aliyoyaona.

Pamoja na mwalimu huyu Ibn al-Baitar alitoka nje ya mji akazunguka mashamba na vilima vya Seville, akichuma, akilinganisha, na kutia majina. Huko alijifunza jambo ambalo kila mganga wa mitishamba hulijua kwa taabu: mti mmoja huwa na majina mengi, na jina moja huwa la miti mingi. Ndivyo ilivyo katika Nachingwea na Ruangwa mpaka leo. Mmwera ana jina lake kwa mti, Myao ana lake, Mmakua lake, Mmakonde lake, na mtu wa pwani lake. Mgonjwa aliyeagizwa mti kwa jina tu, akaenda kuuchuma kwa watu wa lugha nyingine, huweza kurudi na mti mwingine kabisa. Na kosa la namna hiyo halimwui mwenye kuagiza, humwua mwenye kunywa.

SAFARI ZAKE

Karibu na mwaka 617 wa Hijra, yaani 1220, Ibn al-Baitar aliiacha Andalus. Alivuka bahari akapita pwani yote ya kaskazini ya Afrika: nchi ya Maghrib, Bijaya, Constantine, Tunis, Tripoli na Barqa. Kisha akaenda mpaka nchi za Rum na sehemu za Wayunani. Kila alipofika aliwatafuta wajuzi wa mahali hapo, akataka waende naye mpaka mti ulipoota, auone shina lake na jani lake na ua lake ukiwa hai. Hakutosheka na mti uliokauka katika gunia la mfanya biashara, kwani mti uliokauka huweza kumdanganya hata mjuzi.

Katika aliyoyaandika iko habari ya mmea uitwao atrilal. Watu wa kabila moja la Waberberi, upande wa Bijaya, walikuwa wakiutumia kuwatibu wenye mbalanga, yaani mabaka meupe ya ngozi. Elimu hiyo waliificha kwa muda mrefu ikawa ni mali yao, kisha ikafichuka. Mgonjwa hunywa unga wa mbegu zake, pengine pamoja na asali, kisha hukaa juani akiyaacha mabaka wazi mpaka yatokwe na malengelenge, na baadaye rangi ya ngozi hurudi. Ibn al-Baitar aliandika mmea, na kipimo, na jua. Zikapita karne 7. Katika miaka ya 1940 waganga wa Misri waliujaribu upya, na mwaka 1947 wanakemia wa huko wakatoa katika mbegu zake kile kitu chenyewe kiifanyacho ngozi kupokea mwanga. Mpaka sasa madaktari wa ngozi hutumia dawa hiyo pamoja na mwanga. Hivi ndivyo ilivyo faida ya kuandika sawasawa: aliyeandika amekwisha kuwa mchanga, na maandishi yake yangali yanaponya.

KAZI YAKE MISRI NA SHAMU

Alipofika Misri, sultani wa zama hizo alikuwa al-Malik al-Kamil, mwana wa ndugu yake Salahuddin. Sultani alimpenda kwa elimu yake, akamtegemea katika dawa za mimea, akamfanya mkuu wa wajuzi wote wa mitishamba katika Misri. Aliposafiri sultani kwenda Shamu, Ibn al-Baitar alipata kuiona mimea ya nchi hiyo pia.

Mwaka 633 wa Hijra alikutana naye katika Damaski kijana mmoja wa uganga aitwaye Ibn Abi Usaibia, ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri cha habari za matabibu. Kijana huyu alitoka naye mara nyingi kwenda kutazama mimea nje ya mji. Amesimulia ya kwamba hakupata kuona mtu mwenye tabia njema na muruwa kama yeye, wala mwenye hifadhi kama yake. Walikuwa wakileta vitabu vya Dioscorides na vya Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus, na vya al-Ghafiqi wa Andalus. Ibn al-Baitar alianza kwa kutaja jina la mmea kwa Kiyunani kama alivyolihakikisha katika nchi za Rum. Kisha alieleza maneno ya Dioscorides, kisha ya Galen, kisha ya waliokuja baada yao, akaonyesha waliposikizana na walipohitilafiana, na nani aliyekosea. Kijana alipovirudia vitabu alikuta kila neno mahali pake. Wala hakutaja dawa ila husema iko katika makala ya ngapi ya kitabu kipi, na ni ya ngapi kwa hesabu.

Al-Malik al-Kamil alifariki mwaka 635 wa Hijra, yaani 1238. Ibn al-Baitar akarudi Misri, na baadaye akaingia katika utumishi wa mwana wa sultani, al-Malik as-Salih Najmuddin Ayyub, naye alimheshimu kama baba yake alivyomheshimu.

KITABU CHAKE

Katika vitabu vyake kilicho kikubwa ni kile alichokusanya dawa na vyakula vya asili moja moja, kijulikanacho kwa ufupi kwa jina la al-Jami. Ndani yake mna dawa karibu 1,400, na waandishi aliowataja ni kama 150. Alizipanga kwa taratibu ya herufi ili mwenye haraka asihangaike. Majina aliyataja kwa lugha nyingi: Kiarabu, Kiyunani, Kiajemi, Kiberberi na lugha ya Kilatini ya watu wa Andalus. Aliyoyapokea aliyataja kwa jina la msemaji wake, na aliyoyaona mwenyewe aliyatenga mbali. Palipokuwa na kosa la wakubwa waliotangulia alilionyesha, bila kuogopa ukubwa wao. Alikuwa na kitabu kingine pia, cha kueleza makosa ya kitabu cha Ibn Jazla wa Baghdad.

Mtu wa pwani akikifungua kitabu hicho hukuta vitu vya nyumbani mwake. Mna habari za kitunguu saumu, na habasoda, na tangawizi, na karafuu, na ukwaju, na shubiri, na hina, na komamanga, na mti wa mswaki. Vingi katika hivyo huuzwa leo katika masoko ya Lindi, na hufika mpaka Ruangwa na Nachingwea. Kitabu kilipigwa chapa Bulaq, katika Misri, mwaka 1291 wa Hijra, sawa na 1874. Na Mfaransa Lucien Leclerc akakitafsiri chote kwa lugha yake kati ya mwaka 1877 na 1883.

KUFA KWAKE

Ibn al-Baitar alifariki ghafula katika Damaski, mwezi wa Shaaban mwaka 646 wa Hijra, mwisho wa mwaka 1248 wa Miladi. Mwaka huo huo mji wa Seville, alikosomea ujana wake, ulitoka katika mikono ya Waislamu. Kwa hiyo elimu aliyoichukua kifuani alipovuka bahari ilikuwa imesalimika, na mashamba alikojifunzia yalikuwa yamepotea. Mwenyezi Mungu amrehemu.

MIZANI YAKE KATIKA ZAMA HIZI

Liko jambo ambalo Ibn al-Baitar hakuweza kuliona kwa macho yake, ijapokuwa alikuwa na macho makali. Aliona kidonda kikioza na kidonda kikipona, walakini hakuona kilichoozesha. Elimu hiyo ilikuja karne ya 19. Mdachi mmoja, Robert Koch, alibainisha mwaka 1882 kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1883 alikwenda Misri, nchi ile ile aliyoitumikia Ibn al-Baitar, kuchunguza kipindupindu. Mwaka 1897 alifika mpaka Dar es Salaam, akafanya kazi yake huko. Yeye na wasaidizi wake ndio waliofundisha njia ya kuotesha vijidudu viitwavyo bakteria juu ya kitu kigumu, kila aina peke yake; na kisahani cha kioo kitumiwacho mpaka leo ni cha msaidizi wake Petri, cha mwaka 1887.

Kwa njia hiyo mti wa dawa huweza kuletwa mbele ya kadhi. Namna yake ni hii. Majani au gome hukaushwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa katika maji au katika spiriti, kisha yakachujwa. Spiriti hutolewa yote kwa mvuke mpaka kikabaki kiini kizito cha mti. Katika kisahani humiminwa agari, kitu kigandacho kama halua laini, kitengenezwacho kwa aina za mwani. Juu yake hupakwa bakteria wa aina ijulikanayo, kama wale wa usaha au wale wa kuhara. Kisha huwekwa viduara vidogo vya karatasi vilivyotiwa kiini cha mti. Kisahani hukaa usiku kucha katika joto la mwili wa mtu, yaani nyuzi 37. Asubuhi, ikiwa mti una nguvu, huonekana kuzunguka karatasi mviringo mweupe usio na kitu, ambapo bakteria hawakuweza kuota. Mviringo huo hupimwa kwa milimita.

Wala shauri halikatwi kwa karatasi moja. Kando yake huwekwa mashahidi wawili. Mmoja ni karatasi yenye dawa ya hospitali ambayo nguvu yake imekwisha julikana, na wa pili ni karatasi iliyolowekwa spiriti tupu ikakaushwa. Karatasi ya spiriti ikifanya mviringo, basi ushahidi wa mti umeharibika. Baada ya hapo kiini hupunguzwa nguvu kwa nusu, na nusu ya nusu, na kuendelea, ili kijulikane kipimo kidogo kabisa kiwezacho kuwazuia bakteria. Mti uwazuiao kwa kipimo kidogo ni mti wa kutumainiwa. Uwazuiao kwa kipimo kikubwa mno hauna faida kwa mgonjwa, kwani hawezi kunywa kapu zima la magome.

Kwa mizani hii mambo mengi ya wazee yamesimama. Kitunguu saumu, mathalani, kilitolewa siri yake mwaka 1944: kinapopondwa kikiwa kibichi hutoka ndani yake kitu kiitwacho alisini, chenye kuua bakteria wa aina nyingi. Karafuu ina mafuta yake yenye nguvu hiyo, na mti wa mswaki vivyo hivyo. Gome la mng'ongo pia limeonekana kuwazuia baadhi ya bakteria. Lakini mizani hiyo hiyo imeonyesha ya kuwa namna ya kutengeneza ni nusu ya dawa. Alisini ya kitunguu saumu huharibika kwa moto, basi mwenye kukichemsha sana ameitupa dawa na kubaki na harufu. Na iko miti ambayo kiini chake hakitoki katika maji, hutoka katika spiriti tu. Mtu wa maabara akikisifu, na mganga akauchemsha mti ule kwa maji, wawili hao hawasemi dawa moja.

Na lililo kubwa zaidi ni hili: kuua bakteria katika kisahani si kuponya mtu. Sabuni ya kufulia pia huwaua, na hakuna mwenye akili ainywayo. Dawa ya kunywa yapasa ipite tumboni, iingie katika damu, ifike penye ugonjwa, wala isimharibu mwenyewe njiani. Kwa hiyo baada ya kisahani huja kupima sumu, na baada ya sumu huja kupima kipimo, na mwisho ndipo huja mgonjwa, tena kwa kutazamwa na waganga wenye elimu.

NACHINGWEA NA RUANGWA

Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa Uislamu ulienea sana katika miaka iliyofuata vita vya Maji Maji, vya 1905 mpaka 1907. Walimu walitoka pwani na Qur'ani na vitabu vyao, wakakuta huko wazee wajuao miti ya msitu, na elimu mbili zikakaa nyumba moja. Hilo si jambo la kulaumiwa. Mtume amewaagiza watu wajitibu, akawaeleza ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Anayetafuta dawa katika mti kwa hiyo hatoki katika dini. Atokaye katika uadilifu ni yule anayeuza asilolijua, akaapa kwa asichokiona.

Na nchi hiyo inajua kwa msiba wake wenyewe gharama ya dawa isiyopimwa. Mwaka 1905 watu wa kusini walipewa maji yaliyosemwa yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Walikuwa mashujaa, na dhuluma waliyoipinga ilikuwa dhuluma ya kweli. Hapana haki ya kuwacheka. Lakini risasi hazikugeuka, na baada ya risasi ikaja njaa, na vijiji vikabaki magofu. Ushujaa wao ulikuwa wa haki, na dawa yao haikuwa na shahidi. Leo risasi ni ndogo hata haionekani. Mtoto mwenye homa ya matumbo, apewaye maji ya mti yasiyo na nguvu siku tatu, siku nne, hupotewa na siku zile ambazo dawa ya kweli ingemwokoa.

Pia iko hatari ya upande wa pili. Dawa za hospitali za kuua bakteria, ziitwazo antibiotiki, zimetumiwa ovyo ulimwenguni mpaka bakteria wengi wamezizoea, wakawa sugu. Katika mwaka 2019 peke yake wataalamu walihesabu watu kama milioni 1.27 waliokufa kwa sababu ya usugu huo. Kwa hiyo ulimwengu unatafuta dawa mpya, na baadhi ya wanaotafuta wameigeukia tena miti. Huenda katika magome ya msitu wa Ruangwa kimo kitu ambacho hakijapatikana mahali pengine. Na huenda hakimo. Atakayelijua hilo ni mwenye kupima. Na mwenye kupima hataweza kuanza ikiwa mzee aliyeujua mti amekwisha zikwa nao.

Njia ya kupima ipo katika nchi. Muhimbili, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1974 kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Na sheria Na. 23 ya mwaka 2002 imeweka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga kuandikishwa kwake. Mwenye mti wa kweli haogopi kupimwa, kama msimulizi mkweli wa hadithi asivyoogopa kuulizwa mnyororo wake. Anayeogopa ni mwenye kujua ya kuwa hana kitu. Na haki ya mzee aliyetoa siri yake isipotee: Ibn al-Baitar alimtaja kila aliyepokea kwake, na huo ndio uaminifu unaompasa kila mwenye kuandika elimu ya mwenziwe.

Basi ikiwa kijana wa Nachingwea au wa Ruangwa anayejua kuandika ataka kumfuata bwana huyu, kazi yake si ya gharama. Na achukue daftari na kalamu, amfuate babu yake msituni. Aandike jina la mti kwa Kimwera, kwa Kiyao, kwa Kimakua, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili. Aandike ulipoota, na sehemu inayotumiwa, na wakati wa kuichuma, na namna ya kuitengeneza, na kipimo chake, na ugonjwa wenyewe, na nani aliyepona, na nani asiyepona. Neno hili la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo zito kuliko yote. Kisha ampeleke mgonjwa hospitali bila kuchelewa, na amwambie daktari mti aliokwisha kumnywesha, asimfiche. Kwani miti mingine hugombana na dawa za hospitali ndani ya mwili mmoja.

Ibn al-Baitar hakuacha mji wala jeshi wala hazina. Aliacha kitabu ambacho ndani yake kila dawa imetajwa na mashahidi wake, na kila kosa limeitwa kosa. Miji ya wafalme wa zama zake imebadilika wenyewe, na kitabu hicho kingali kinasomwa. Mwenyezi Mungu amlipe kheri, na awape Waislamu wa pwani na wa bara macho ya kuona, na subira ya kupima, na ulimi wa kusema kweli. Amin.